Kabla ya upasuaji wa moyo wa tundu dogo, uliza kuhusu picha

Tangu nilipomsindikiza mdogo wangu kutoka Tukuyu kwenda Dar es Salaam kutibiwa valvu ya moyo, yaani mlango unaopitisha damu upande mmoja tu, ndugu na jamaa wanaonipigia simu huuliza kwanza gharama, kisha ukubwa wa kovu. Ni maswali ya haki, lakini ningependa waanze na jingine: daktari ataona kwa kutumia nini? Kifua kikifunguliwa na moyo kusimamishwa, valvu huonekana kwa macho. Katika upasuaji wa tundu dogo, katheta, yaani mrija mwembamba, hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo unaoendelea kudunda, na kila hatua hutegemea picha. Eksirei huonyesha vizuri waya na puto la kutanulia valvu, ila nyama laini za valvu huonekana kwa ultrasaundi ya moyo, yaani eko.

Valvu ya mitrali ya mdogo wangu, iliyo kati ya chemba mbili za kushoto za moyo, ilikuwa imekakamaa kutokana na homa ya rumatiki, ugonjwa unaofuata maambukizi ya koo. Daktari alituonyesha kwenye skrini, kwa ncha ya kalamu, jinsi ilivyokuwa ikifunguka kidogo tu, kama mdomo wa samaki. Kabla ya kutanuliwa kwa puto alihitaji eko ya kupitia kooni, ambayo wagonjwa wengi huikwepa kwa hofu. Nakusihi usiikwepe. Kwa kuwa umio hupita karibu kabisa na moyo, kwa nyuma, kipimo hicho huonyesha kama kuna damu iliyoganda katika chemba ya juu ya kushoto, ambayo katheta ikiigusa inaweza kung'oka na kwenda kuziba mshipa wa ubongo. Huonyesha pia kama valvu inavuja sana, hali ambayo puto huweza kuizidisha. Fuata maelekezo ya kufunga kula, taja jino linalolegea au shida yoyote ya kumeza, na chai isubiri mpaka ganzi ya koo iishe.

Ukipewa rufaa kutoka huku nyanda za juu, omba picha zenyewe zinazotembea, kwenye CD au flashi. Hospitali tuliyoanzia ilitupa karatasi ya majibu tu, na karatasi haimwonyeshi daktari mwingine valvu inavyocheza.

Siku hizi naulizwa pia kuhusu miwani ya uhalisia pepe, inayomwonyesha daktari moyo uliochorwa na kompyuta. Utafiti huo ni wa kweli. Katika Taasisi ya Robarts, mjini London, Ontario, nchini Kanada, kundi la Terry Peters na daktari mpasuaji Gérard Guiraudon waliunganisha eko ya kooni na michoro ya kompyuta ya vifaa vya upasuaji. Chuma huchafua picha ya ultrasaundi kwa vivuli na mwangwi, hata ncha ya kifaa ikawa vigumu kuijua ilipo. Kwa hiyo walifunga vitambuzi vya sumaku kwenye kifaa na kwenye kichwa cha eko, na kompyuta ikakichora kifaa mahali pake ndani ya picha ya moyo unaodunda. Bila eko, mchoro uliotokana na picha za jana haujui moyo umesogea wapi sasa hivi. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, anayeahirisha tiba akisubiri miwani anapoteza muda. Ni afadhali aulize nani atashika mashine ya eko siku hiyo.

Baada ya puto, eko huendelea, kwa sababu valvu huweza kusinyaa tena. Mdogo wangu bado anachomwa pia sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4, maana puto halizuii homa ya rumatiki kurudi.