Maswali na majibu: Mafuta ya kubebea mafuta

Dizeli ya kawaida haifai Antaktika? Kwa nini?

Dizeli ina nta ndani yake. Baridi ikikaza, nta hiyo huanza kushikana, mafuta yanakuwa uji, chujio linaziba na injini inazimika. Ndiyo maana Wamarekani walioko huko hutumia AN8, jamii ya mafuta ya ndege, ambayo hugandia kwenye nyuzi -58 hivi za Selsiasi. Hata hayo yana kikomo: kituo cha Warusi cha Vostok, ndani ya bara, kilipima -89.2 mnamo Julai 21, 1983.

Mafuta yanafikaje Ncha ya Kusini yenyewe, katikati ya bara?

Hapa ndipo penye utamu. Meli huja McMurdo, kituo cha Wamarekani pwani, wakati wa kiangazi, ikitanguliwa na meli ya kuvunja barafu. Kutoka hapo hadi nchani, kwa njia ya juu ya barafu, ni kama kilomita 1,600. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na ndege za LC-130, zile zinazotua kwa skii. Lakini ndege hunywa mafuta kwenda na kurudi, kwa hiyo sehemu kubwa ya shehena inaishia kwenye safari ya kuileta. Mimi naiona kama kuchota maji kwa ndoo inayovuja.

Siku hizi matrekta hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kila moja huburuta mifuko mirefu ya mafuta, yenye lita 11,000 hivi kila mmoja, iliyolazwa juu ya shuka pana la plastiki ngumu linaloteleza kwenye theluji. Hakuna magurudumu wala tela. Mbele kabisa hutangulia gari dogo lenye rada iliyoning'inizwa kwenye mlingoti, likichungulia nyufa zilizofunikwa na theluji. Msafara ni wa polepole, wiki kadhaa kwenda na kurudi, ila safari moja huokoa makumi ya safari za ndege.

Magari ya umeme je?

Kwa mizunguko mifupi karibu na kituo, sawa. Kituo cha Ubelgiji cha Princess Elisabeth kinatumia umeme wa upepo na jua tangu 2009. Kwa safari ndefu bado, maana betri hupoteza nguvu upesi kwenye baridi.

Mafuta yakimwagika?

Yalishamwagika. Januari 1989 meli ya Argentina, Bahía Paraíso, iligonga mwamba karibu na kituo cha Palmer, ikamwaga lita 600,000 hivi. Mafuta mazito ya meli yamepigwa marufuku katika maji ya Antaktika tangu Agosti 2011.

Si warudie tu mbwa wa kuvuta sleji?

Haiwezekani. Mbwa wote walitakiwa kuondoka kufikia Aprili 1994, ikihofiwa wataambukiza sili magonjwa. Isitoshe, mbwa nao walikuwa na mafuta yao: nyama ya sili haohao.