Kondoo anajikuna ukutani: shusha kisu kwanza

Ndugu wa Himbi, umeuliza kama uwachinje kondoo wako wote tisa kwa kuwa jike mmoja anajikuna ukutani mpaka manyoya yanang'oka, na umesikia skrepi, ule ugonjwa wa ubongo unaoua kondoo, ni ugonjwa wa ukoo. Subiri kidogo.

Mimi nafuga hapahapa Goma, paseli ina ukuta wa mawe ya volkano. Jike niliyemnunua Kibumba alianza vilevile: kila asubuhi nakuta nyuzi za manyoya zimenasa kwenye vitundu vya mawe. Nikimkuna mgongoni kwa kucha, anainua kichwa na kutafunatafuna hewa. Hiyo nilikuwa nimeisoma kama dalili ya skrepi. Usiku ule sikulala.

Kilichonifungua macho ni mwanakondoo wa miezi minne, naye akaanza kujikuna. Skrepi hukaa kimya mwilini, mara nyingi miaka 2 hadi 5, ndipo ijionyeshe. Veterinere akakwangua ngozi kwa wembe mpaka vitone vya damu vikatokea, akaweka kwenye darubini, akaniita nichungulie: utitiri wa ukurutu, unatembea! Akawachoma ivermektini, dawa ya kuua utitiri, mara mbili, wiki mbili katikati, wakapona.

Sasa hilo la ukoo. Kondoo harithi skrepi yenyewe, anarithi wepesi au ugumu wa kuipata. Kinacholeta skrepi ni prioni, yaani protini ya mwili iliyojikunja vibaya. Ikikutana na mwenzake mzima inampotosha naye. Jeni ya protini hiyo ina sehemu tatu zinazoangaliwa: 136, 154 na 171; herufi tatu kama ARR au VRQ zinataja kilichopo kwenye kila sehemu. Kondoo aliyepata ARR kwa baba na kwa mama ni mgumu sana kuambukizwa skrepi ya kawaida. Mwenye VRQ pande zote mbili ni mwepesi mno. Lakini hata huyo mwepesi lazima akutane na prioni, hasa kwenye kondo la nyuma na maji ya uzazi. Na ARR haikingi kila kitu: mwaka 1998 Norway waligundua aina nyingine, Nor98, inayowapata hata wenye ARR.

Ila kama huyo jike ni mtu mzima, anakula lakini anakonda, miguu ya nyuma inayumba, anashtuka ovyo, nakusihi usimpeleke sokoni. Mwite veterinere wa serikali. Ubongo ndio unaopimwa, na dawa yake haipo.

Tuandikie ana umri gani, na kama wale wanane nao wanajikuna.