Madogo wanapigwa kila wikiendi, tusubiri mpaka lini?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi naishi Footscray, Melbourne, mwaka wa 12 sasa, kwetu Kigoma. Wanangu walikuwa wanaenda kufanyia homuweki pale The Huddle, ule mradi wa vijana wa North Melbourne, klabu ya mpira wa Australia, pale Arden Street, ndo hivo nyumba nzima tukawa North. Kaka tumeteseka. 2021 tumeshika mkia, 2022 mkia tena, 2023 na 2024 wa pili toka chini. Kila mwaka tunaambiwa timu inajengwa na vijana, vumilieni. Halafu mwisho wa 2024 wanaenda kuchukua wakongwe watatu! Kama tunajenga na vijana, wakongwe wa nini tena? Na hili zoezi lina mwisho kweli? – Baba Neema

JIBU: Pole sana Baba Neema, na hongera kwa kutoitupa jezi. Nianze na hao wakongwe maana ndo moyo wa swali lako, ila kwanza kwa wasomaji ambao hawaifuatilii AFL, ligi kuu ya mpira huo wa Australia: ligi ina klabu 18, na kila mwisho wa mwaka kuna drafti, siku ya klabu kuchagua vijana wapya, wengi wao ndo kwanza wana miaka 18. Aliyemaliza wa mwisho anachagua wa kwanza. Kwa hiyo timu ikianguka inapewa watoto, na hapo ndo watu wanadanganyika, wanadhani ukishajaza watoto wenye vipaji basi kazi imeisha, unakaa unasubiri waive kama ndizi.

Haiendi hivo. Klabu ya Melbourne, siyo North yenu, walichagua namba 1 mara mbili mfululizo, 2008 Jack Watts na 2009 Tom Scully. Scully alicheza misimu miwili tu akaondoka kwenda GWS, klabu mpya kabisa wakati huo, na 2013 Melbourne wakapigwa na Essendon kwa tofauti ya pointi 148. Mia na arobaini na nane! Kombe walikuja kulibeba 2021, miaka 57 tangu lile la 1964. Na nyinyi wenyewe mnakumbuka, 2021 mlimchukua Jason Horne-Francis namba 1, msimu mmoja tu huyo Port Adelaide.

Mtoto halelewi na mtoto mwenzie, hilo ndo jibu langu na nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeliona kwa macho. Kuna mechi moja ya mtaani niliangalia nimesimama pale kwenye uzio, kuna dogo wa beki, kipaji kitupu, mguu wa kushoto kama kapimiwa kwa rula, lakini kila mpira ukija juu anachelewa hatua mbili na jamaa wa miaka kama 28 anamsogeza kwa nyonga tu, hata nguvu hatumii. Robo ya tatu akaingia mzee mmoja wa timu yao, akamshika dogo jezi mgongoni, akamvuta hatua mbili nyuma, akamwelekezea kidole mahali mpira utakapoangukia kabla hata haujapigwa. Mara ya pili akamvuta tena. Mara ya tatu dogo akasogea mwenyewe, akaruka, akadaka. Kocha pembeni angepiga kelele siku nzima asingeweza kumpa kitu kile, coz uwanja wenyewe ni yai kubwa, kelele za watu, na mtoto kashachoka, mchezo huu unakimbia zaidi ya kilomita 12 kwa siku moja na bado unagongwa.

Sasa angalia Brisbane Lions. Mwisho wa 2013 vijana wao watano waliomba kuondoka kwa mpigo. Watano! Mmoja wao Elliot Yeo akaenda kubeba kombe na West Coast 2018. Yaani Brisbane kuchagua walijua, kulea na kubakiza ndo hawakuweza. 2017 wakampa timu Chris Fagan, mzee wa Tasmania aliyewahi kuwa mwalimu wa shule na hajawahi kucheza ligi hii kubwa hata mechi moja. Mwaka huo wakashika mkia, ushindi mechi 5. Na wao walikuwa na madogo wazuri, Hugh McCluggage, Harris Andrews, na kwenye drafti ya mwaka huohuo wakamchukua Cameron Rayner namba 1. Ila wakaenda pia kumchukua Luke Hodge, beki aliyekuwa ameshatangaza kustaafu Hawthorn akiwa na makombe 4, wakamwambia njoo. Akakaa misimu miwili, 2018 na 2019, pale nyuma karibu na Andrews, anapanga watu kama mama anavyopanga watoto wakati wa kula.

2018 wakashinda mechi ngapi? 5 tena. Ukiangalia ushindi tu ungesema hakuna kitu, lakini vipigo vilikuwa vimepungua ukubwa, walikuwa wanafungwa kwa karibu. 2019 wakashinda 16 na kumaliza wa pili kwenye msimamo. Ila kombe likagoma, 2023 wakapoteza fainali kwa Collingwood kwa pointi 4 tu, halafu 2024 wakaichapa Sydney kwa 60, na 2025 Geelong kwa 47. Dayne Zorko alikuwepo tangu 2012, miaka yote ile ya dhiki, kombe lake la kwanza kalipata ana miaka 35. Mimi siku ile nilimwangalia yeye tu.

Sasa turudi kwenu. Wakongwe mliowachukua ni Luke Parker toka Sydney, Jack Darling toka West Coast na Caleb Daniel toka Bulldogs, na wote watatu wameshabeba kombe: Daniel 2016, Darling 2018, Parker 2012. Hawakuja kumnyima dogo wenu kama Harry Sheezel au George Wardlaw namba, wamekuja kumvuta jezi mgongoni. Ningekuwa na wasiwasi kama wasingekuja.

Tarehe ya mwisho wa mateso sikupi, Brisbane ilikuwa miaka 7 toka mkia mpaka kombe. Ila acha kuhesabu ushindi kwanza. Angalia mmefungwa kwa ngapi, na angalia madogo wakikaribia mwisho wa mkataba wanasaini tena au wanaaga. Siku ukiona wanaanza kuaga ndo uniandikie kwa hasira.

SWALI: Mwanangu ana miaka 15, mrefu, ameanza mchezo huu mwaka jana tu baada ya kuacha soka. Wenzie wamecheza toka wana miaka 6. Si amechelewa? – Mama Zawadi, Brisbane

JIBU: Shikamoo mama. Hajachelewa. Aliir Aliir amezaliwa kambi ya Kakuma kule Kenya, wazazi wake wa Sudan Kusini, na akakulia hukohuko Brisbane mlipo nyinyi. Sydney walimchagua kwenye drafti ya 2013, namba 44, akiwa na miaka 19, mwaka mmoja nyuma ya wengi. Mechi ya kwanza ya ligi kubwa kaja kucheza 2016, na 2021 akiwa Port Adelaide akaingia kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima. Kwa hiyo mwache acheze, ila mnunulie ule mpira wa yai abaki nao nyumbani, maana hao wenzie wanaujua unavyodunda hovyo na yeye bado. Apige ukutani kwa miguu yote miwili, nusu saa kila jioni kabla ya kula.