Kupata karatasi ya ramani yenye kijiji chako

Ndugu, nimeelewa kuwa katalogi ya maktaba imekuonyesha "Tanzania 1:50,000" tu (yaani skeli ambayo sentimita moja kwenye ramani ni nusu kilomita ardhini), nawe unatafuta karatasi yenye kijiji cha bibi yako. Tafuta kwanza latitudo na longitudo za kijiji, kisha mwombe mkutubi ramani ya faharasa, yaani ramani ya nchi nzima iliyogawanywa miraba yenye namba. Kila mraba una karatasi nne, na kila karatasi hufunika dakika 15 za latitudo kwa 15 za longitudo (dakika ni sehemu ya 60 ya digrii), takriban kilomita 28 kila upande; namba 186/4, kwa mfano, ni robo ya kusini-mashariki ya mraba wa 186, palipo Dar es Salaam. Kijiji kikiwa ukingoni, agiza na karatasi jirani. Zingatia sana mwaka wa toleo, kwani vijiji vingi vilihamishwa miaka ya 1970. Kwa mgogoro wa mpaka wa shamba, muone mpimaji ardhi aliyesajiliwa.