Maswali ya Wasomaji: Leza ya femtosekunde 30, mbona kipimo kinasoma 72?

SWALI: Leza yetu ya titani-safaya, ya nanomita 800, imeandikwa kuwa mpigo wake ni femtosekunde 30 (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni bilioni ya sekunde). Otokoreleta, chombo cha kupimia urefu wa mpigo, inachora mkunjo wenye upana wa femtosekunde 72 kwenye nusu ya kimo chake. Leza imechoka, au chombo ndicho kibovu?

JIBU: Huenda vyote ni vizima. Hiyo 72 si urefu wa mpigo. Otokoreleta huupima mpigo kwa mpigo wenyewe: mwale hugawanywa, nusu moja hucheleweshwa, kisha zote mbili hukutana ndani ya fuwele ya BBO na kuzaa mwanga wa nanomita 400. Mpigo ukiwa na umbo la Gauss (mkunjo wa kengele), gawanya 72 kwa 1.41 upate 51. Ukiwa wa sech² (umbo jingine linalofanana na kengele), gawanya kwa 1.54 upate 47. Ndiyo, unakisia umbo kwanza ndipo upate jibu, na hapo ndipo chombo hiki kinapopwaya.

Hakikisha pia mizani ya muda. Kioo cha kuakisi kikisogea maikromita 1, njia ya mwanga huongezeka maikromita 2, yaani femtosekunde 6.67. Anayesahau kuzidisha kwa mbili hupata nusu ya muda halisi.

Sasa hesabu kila lenzi na dirisha kati ya leza na chombo. Milimita 10 tu za kioo cha BK7 zinatosha kuurefusha mpigo wa Gauss wa 30 hadi kama 51. Ndiyo hiyo 51 yako! Weka vioo vya kuakisi mahali pa lenzi, au fidia kwa jozi ya prizimu. Fuwele nayo iwe nyembamba, milimita 0.1 au chini. Nene hukata kingo za spektra, yaani mtawanyo wa rangi za mwanga.

SWALI: Je, FROG, njia ya kupima mpigo kwa otokoreleta yenye spektromita, itatuonyesha umbo lenyewe?

JIBU: Itawaonyesha. Weka spektromita nyuma ya fuwele, rekodi spektra kwa kila hatua ya ucheleweshaji, ondoa mwanga wa usuli, kisha programu itafute umbo na awamu. Picha ya spektra hizo dhidi ya ucheleweshaji lazima ilingane kushoto na kulia. Isipolingana, rekebisha miale kabla ya kugusa kompyuta. FROG ya aina hii haijui mbele na nyuma ya mpigo. Ingiza kipande cha kioo cha unene unaojulikana, upime tena: mwelekeo sahihi ni ule ambao mpigo wa kwanza, ukipitishwa kwenye kioo hicho kwa hesabu, unatoa mpigo wa pili.