Kamusi ya kifaa haioni "walipotuandikia"

SWALI: Nasoma riwaya kwenye kifaa cha vitabu vya kidijitali. Nikigusa "kalamu", maana inatokea papo hapo. Nikigusa "walipotuandikia", naambiwa neno halipo. Je, kamusi niliyopakua ni mbovu?

JIBU: Kamusi haina kosa. Kifaa hulilinganisha neno na vidahizo (maneno yanayoorodheshwa na kuelezwa katika kamusi) herufi kwa herufi, na "walipotuandikia" si kidahizo popote. Maana yake iko chini ya "andika". Kitenzi cha kawaida cha Kiingereza kina maumbo manne au matano, kwa hiyo watengenezaji huyaorodhesha yote kwenye faili. Kwa Kiswahili orodha hiyo haina mwisho. Nafsi sita kwa njeo (alama za wakati) nne tu, -na-, -li-, -ta- na -me-, tayari ni maumbo 24, na bado hatujatia mtendwa (kama -tu-), urejeshi (kama -po-) wala ukanushi. Kinachohitajika ni programu ya kuvua viambishi, yaani vipande vinavyobandikwa kwenye mzizi wa neno, na vifaa vingi havina.

Basi vua mwenyewe, kuanzia kushoto: wa-li-po-tu-andikia. Andika "andikia" kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa kuwa baadhi ya kamusi huvipa vitenzi vya mnyambuliko (vilivyorefushwa kutoka kitenzi kingine) nafasi yao. Likikosekana, rudi kwenye "andika".

Irabu ya mwisho ndiyo inayopoteza wengi. "Hawasomi" na "wasome" yote ni "soma", lakini usikimbilie kuweka -a kila mahali: "wasamehe" ni "samehe", "hawafikiri" ni "fikiri". Vitenzi vingi vyenye asili ya Kiarabu hubaki na irabu yake. Vya silabi moja navyo vina ukaidi wao. "Amekuja" kitafute kwa "ja", kisha kwa "kuja".

Nomino ni nafuu: tafuta umoja. Angalia tu zile zinazobadilika sura, kama "nyuso" (uso), "ndimi" (ulimi) na "meno" (jino). Kwa vivumishi, "njema" na "chema" yote yako kwenye "ema".

Hata programu nzuri ya kuvua viambishi itakwama mahali. Chukua "atapika". Ni a-ta-pika, mtu atakayeingia jikoni, au ni "tapika" yenye -a- ya wakati uliopo, yaani mgonjwa? Herufi ni zilezile. Programu ikikuonyesha yote mawili, iamini. Ikikupa moja tu bila kusita, soma sentensi upya kwanza.