Usimnyamazishe Kijana Ambaye Sauti Inavunjika

Wiki hii mwalimu mmoja wa kwaya ameniandikia akiuliza kama awapumzishe wavulana wake ambao sauti zinavunjika "mpaka sauti zitulie". Nimemjibu neno moja tu: hapana. Jibu refu ndilo hili.

Mimi nilipumzishwa. Nilikuwa tegemeo la sauti ya kwanza, watu wanageuka kutazama nani anaimba, kisha ghafla nikawa nikipanda juu sauti inakwaruza na kuporomoka. Mwalimu wetu akanisogeza nyuma, akaniambia niwe nachezesha midomo tu, mbele ya wenzangu wote. Nikachezesha midomo msimu mzima. Hadi leo nikiona kijana anachekwa kwa noti iliyomponyoka, damu inanichemka. Joseph Haydn, yule mtunzi mkubwa wa muziki, naye aliondolewa kwenye kwaya ya kanisa la Mtakatifu Stefano, Vienna, sauti yake ilipovunjika, kwa hiyo niko na mwenzangu mzuri.

Mvulana ambaye sauti inavunjika si mvivu wala hajasahau kuimba. Anapobalehe, zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, hukua, nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na sauti hushuka kwa takriban oktavi nzima, yaani kutoka do moja hadi do ya chini yake. Misuli bado inajifunza kazi upya. Msichana naye hubadilika, ingawa hushuka kidogo tu: sauti hujaa hewa na kuchoka upesi. Kwa kuwa haikwaruzi sana, hatumjali, tunambandika alto, sauti ya pili, na kumsahau huko.

Tatizo la mvulana ni kwamba kwa kitambo hana pa kusimama. Alto imempita, tenori (sauti ya tatu) bado hajaifikia, besi (sauti ya nne) ndiyo kabisa. Ana noti chache tu zinazomtii, basi mwandikie hizo. Mimi humwambia ahesabu kuanzia kumi kurudi nyuma kwa sauti yake ya kawaida, nikaitafuta noti hiyo kwenye kinanda. Noti ya chini anayoweza kuiimba huwa haiko mbali na hapo. Namtungia mstari wa noti tano au sita, na wimbo haufi. Baada ya wiki chache napima tena, maana aliyekwenda likizo siye anayerudi. Mazoezi ya kupasha sauti yaanzie juu kwa wepesi, yateremke. Asisukume kutoka chini kwa nguvu. Na umpime faragha au pamoja na wenzake wachache, kamwe si peke yake mbele ya kundi.

Safu yangu ya nyuma, ya tenori na besi, leo imejaa, na wengi wao ni wale waliokuwa wakikwaruza. Siombi radhi kwa kujisifu.

Walimu wenzangu, kila mwaka mnalia kwamba kwaya zenu hazina tenori wala besi. Mlitaka watoke wapi, ikiwa mliwaambia wanyamaze wakiwa na miaka 14?